Kuupika Unga Mweupe

Watu wakitembelea karakana ya mfinyanzi hukodolea macho gurudumu. Mimi kinachonishika ni kazi nyingine, isiyo na chochote cha kuonyesha: bakuli la unga mweupe linaingia tanurini, na baadaye linatoka likiwa bakuli la unga mweupe.

Unga huo ni kaolini. Huku kwetu vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, vinajulikana kwa udongo huu. Umejificha ndani ya jiwe la mchanga, hivyo sharti uoshwe kwanza: ukivurugwa katika maji mengi, mchanga huzama upesi nao udongo hubaki umeelea, ukamiminwa katika chombo kingine na kuachwa utue. Mfinyanzi anauhitaji kwa ajili ya glezi, ile rojo ya madini inayogeuka kioo juu ya chombo. Bila kaolini, glezi nyingi zikiyeyuka zingekuwa nyepesi mno, zikateremka hadi kwenye rafu ya tanuri na kugandisha chombo hapo. Tena ndiyo inayozuia madini mazito yasijikusanye chini ya ndoo.

Kasoro yake ni kwamba udongo mbichi ukikauka hunywea. Glezi yenye kaolini nyingi hupasuka nyufa ingali unga juu ya chombo, na motoni nyufa hizo hupanuka: glezi inajikunyata na kuacha vipara. Wengi hapo huilaumu glezi na kuitupa. Fundi huichoma sehemu ya kaolini peke yake, kabla haijaingia kwenye mchanganyiko.

Kwa tanuri dogo la umeme la nyumbani, kazi inaanza kwa kuchagua bakuli. Linafaa lililokwisha kuchomwa mara moja, lisilopakwa glezi, tena pana na lenye kina kifupi. Unga haupitishi joto vizuri. Ukiushindilia ndani ya chungu kirefu, wa pembeni utaiva na wa katikati utabaki mbichi, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Basi hutandazwa bila kukandamizwa, ukiwa umekaushwa vizuri, na joto hupandishwa polepole ili mvuke usiurushe.

Maji ya kawaida huondoka mapema, kwenye nyuzi 100 hivi. Yale yaliyofungwa ndani ya umbile lenyewe la udongo hayaachii mpaka joto lipite nyuzi 450, na huendelea kutoka hadi 600 na ushei. Kuna wanaouingiza unga pamoja na vyombo vya kuchomwa mara ya kwanza, karibu nyuzi 1000, ili wasilipie umeme mara mbili. Siwalaumu, bei ya umeme tunaijua. Lakini namvulia kofia anayefika 700, akalishikilia joto hapo kwa muda ili lipenye hadi katikati, kisha akazima. Ukivuka 980 hivi, umbile huanza kubadilika tena na unga huwa mkaidi zaidi kuyeyuka. Hata viwanda vinavyochanganya udongo uliochomwa katika saruji hujihadhari na joto la kupita kiasi, kwa kuwa linauua uwezo wake wa kushikana na chokaa.

Tanuri likipoa huja sehemu ninayoipenda kuliko zote, nayo ni mizani. Kaolini safi iliyokauka hupoteza takriban asilimia 14 ya uzito wake. Gramu 100 zilizoingia zinapaswa kutoka karibu 86. Zikitoka 92, katikati bado mbichi, na bakuli litarudi motoni. Hakuna haja ya kubahatisha, wala ya kifaa cha maabara. Mizani ya jikoni inatosha. Anayetaka ushahidi wa vidole hutia chembe kidogo katika tone la maji. Mbichi huteleza na kunata. Uliochomwa hukwaruza, haufinyangiki, na kuuloweka usiku kucha hakutaurudishia unato wake.

Kisha hupitishwa kwenye chekeche, barakoa ikiwa usoni, maana vumbi hili halina urafiki na mapafu. Meza na sakafu hupanguswa kwa kitambaa chenye maji. Ufagio ungelirudisha vumbi lote hewani.

Kipimo cha mwisho ndicho kinachomtenganisha fundi na mwenye haraka. Baada ya kazi yote hiyo hatumii unga uliochomwa mtupu. Akiuweka peke yake, glezi haitanywea, kweli, ila itatua chini ya ndoo ikawa ngumu kama jiwe, na ikikauka juu ya chombo itapukutika kwa kuguswa tu. Kwa hiyo hugawa. Kama glezi inataka gramu 30 za kaolini, huweka 15 mbichi, na badala ya 15 nyingine hupima 13 za iliyochomwa, kwa kuwa maji yaliyokwisha kutoka hayastahili kupimwa tena. Mbichi ibebe glezi ndooni, iliyochomwa iizuie isipasuke.

Makopo ya unga wa aina mbili hukaa rafu moja, weupe ule ule, na kila kopo lina jina lake mwilini. Halikuandikwa kifunikoni, maana vifuniko hubadilishana.