Gari Huhukumiwa kwa Kusimama Kwake

Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuwafundisha vijana namna ya kuhakiki vitabu. Nilikuwa nikiwaambia kwamba mhakiki hana budi kusifu panapostahili sifa na kukosoa panapostahili kukosolewa, wala asimwonee haya mwandishi eti kwa sababu ni jirani yake. Sikujua kuwa siku moja, baada ya kustaafu, ningetakiwa kuhakiki gari, tena gari la ndani ya ukoo wetu.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1966, aliyoiacha marehemu kaka yangu. Mtoto wake, ambaye kwa mila zetu ni mwanangu, aliamua kulitengeneza ili aingie katika mashindano ya magari ya zamani. Alilipeleka Gerezani, na baada ya miezi mitano akanijia nyumbani.

"Baba mdogo," aliniambia, "njoo ulione gari la baba. Halafu uandike maneno mawili matatu ya kulisifu, nikawaonyeshe watu ninaowaomba wanidhamini."

Nilimwahidi kwenda. Kusifu sikumwahidi.

Anayeijua Gerezani hahitaji kuelezwa. Ni pale pale pembeni mwa Kariakoo, na masikio hutangulia kufika kabla ya macho. Huyu anakunja bati, yule anachomea geti, na mwingine ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akigonga ribiti kwenye viatu vya breki. Tangu mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yana kituo chao kikubwa hapo, na sura ya mtaa imebadilika sana, lakini nyundo hazijanyamaza. Mimi ni mmoja wa wale wanaoamini kwamba nchi hii ingesimama kama mafundi wa namna hii wangeweka vyombo chini kwa wiki moja. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba nimekuja kuwadharau.

Niseme kwanza yaliyonifurahisha. Viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa ili kupunguza uzito. Ndani ya gari palikuwa na kizimba cha mabomba ya chuma cha kumkinga dereva gari likipinduka, na maungio yake yalichomelewa kwa mkono wa mtu anayejiheshimu. Chini ya injini palifungwa bamba nene la kuzuia mawe. Springi na shokapu zilibadilishwa, gari likanyanyuka. Kabureta zilikuwa mbili badala ya moja, na injini ilipowashwa, watoto wa mtaani walikuja mbio.

Kijana alianza kunihadithia historia, nami nilimsikiliza kwa raha kwa sababu aliijua. Alinikumbusha kwamba yale mashindano makubwa ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwamba Volkswagen kama hii yetu ilishinda mwaka 1954, ikarudia 1957, kisha 1962. Alinitajia Peugeot 404 iliyoshinda 1963, na tena 1966, 1967 na 1968; na kwamba ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa jiji letu hili la Dar es Salaam. Alijua pia kuwa mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Na tangu mwaka 2003 yameanzishwa mashindano ya Safari ya magari ya kale, ambayo katika baadhi ya miaka yamepita hata kwetu.

"Na breki je?" nilimwuliza.

Alicheka. "Breki zipo, Baba mdogo. Lakini gari la mashindano halikuja kusimama, limekuja kukimbia."

Hapo ndipo uhakiki wangu ulipoanza.

Niliomba kipande cha boksi, nikalala chini ya gari na tochi mkononi, ingawa mgongo wangu si wa kazi hizo tena. Nikaona paipu ya breki ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, imegongwa kwa nyundo hadi ikawa bapa, kisha ikakunjwa kama mtu anavyokunja mdomo wa mfuko wa sukari. Maana yake ni kwamba gari lile lililopakwa rangi mpya na kufungwa kabureta mbili lilikuwa na breki katika magurudumu matatu tu.

Nilimwita fundi. Alikuja akifuta mikono, akanipa shikamoo, wala hakuficha kitu. "Mzee wangu, silinda ya gurudumu ilikuwa inavuja, na kijana pesa ilikuwa imeishia kwenye kabureta. Tumeziba kwa muda tu."

Jibu hilo lina ukweli wake, na mhakiki asiyelisikia ni mwonevu. Fundi hutengeneza kile mteja alichokuja na pesa yake. Mteja hulipia kile ambacho watu watakiona na kukisikia. Injini husikika, rangi huonekana, kizimba hupigwa picha. Breki imefichwa nyuma ya gurudumu. Hakuna aliyewahi kumkaribisha rafiki nyumbani ili amwonyeshe silinda mpya ya breki. Kwa hiyo kosa hili si la fundi peke yake, wala si la kijana peke yake. Ni kosa letu sote tunaopima ubora wa kitu kwa upande wake unaong'aa.

Hata hivyo neno "kwa muda" nalifahamu. Nililisikia mwaka 1980, katika gereji ambayo sitaitaja, likitamkwa juu ya gari hili hili.

Wakati ule kaka alikuwa amenifuata Lushoto. Silinda moja ilikuwa ikivuja, wakaiziba kwa muda, nasi tukaanza kuteremka kuelekea Mombo. Petroli ilikuwa adimu siku zile, basi kaka akatoa gia ili gari lijiteremkie lenyewe. Aliyepita njia ile anajua: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde, na kona hazikupi nafasi ya kupumua. Kwanza tulisikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha pedeli ikawa laini. Kaka akapampu mara mbili, mara tatu, na mwisho ikaenda hadi sakafuni bila kushika kitu. Aliligeuza gari likajigonga kwenye ukuta wa mlima, kwa kuwa upande mwingine haukuwa na ukuta. Mimi nilitoka na michubuko. Yeye alivunjika mguu, akachechemea mpaka siku alipofariki. Watoto wake aliwaambia kuwa aliumia katika mpira, nami nilimtunzia siri hiyo, kwa sababu aliona aibu kwamba ni yeye aliyetoa gia na ni yeye aliyekubali paipu izibwe.

Baada ya ajali ile, mwalimu mwenzangu wa fizikia alinikalisha chini akanifanyia hesabu ambayo sijaisahau. Breki haili mwendo. Inaugeuza kuwa joto. Gari la kilo 800 linalokwenda kilomita 100 kwa saa, ukilisimamisha, breki zake hupokea joto la kutosha kuchemsha karibu lita moja ya maji ya bomba ya Dar es Salaam. Ukiongeza mwendo mara 2, joto linaongezeka mara 4. Na kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka takriban mita 1000. Kama gia haisaidii, mzigo huo ni sawa na kulisimamisha gari hilo kutoka mwendo wa kilomita 100 mara 25, bila breki kupata nafasi ya kupoa. Sisi tuliwapa magurudumu matatu kazi hiyo.

Joto hilo hufanya maovu mawili. La kwanza ni katika dramu, lile sufuria la chuma linalozunguka na gurudumu: likipata moto hutanuka na kuvikimbia viatu vilivyomo ndani yake, na ngozi ya viatu nayo hupoteza ukali wake wa kushika. La pili ni katika mafuta ya breki. Mafuta haya hunywa unyevu wa hewani, na hewa ya Dar es Salaam ina unyevu tele. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205; yakishakunywa maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea kama mpira. Hapo mguu wako unabonyeza mvuke, magurudumu hayana habari.

Waliotengeneza magari madogo ya mashindano walilijua jambo hili. Mini ilipotoka mwaka 1959 ilikuwa na injini ndogo na breki za dramu pande zote. Mwaka 1961 ilipotolewa Mini Cooper yenye nguvu zaidi, breki za mbele ziligeuzwa kuwa za diski. Mwaka 1963 ikaja Cooper S yenye nguvu kuliko hiyo, na diski zake zikawa kubwa zaidi. Ndiyo iliyokwenda kushinda Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Kila walipoongeza kwenye injini, waliongeza kwenye breki. Dereva anayeiamini breki yake huchelewa kuikanyaga anapokaribia kona. Asiyeiamini huanza kupunguza mwendo mita 50 kabla. Kwa hiyo breki njema huongeza mwendo. Kijana wangu alikuwa ameigawa kazi moja katika sehemu mbili zinazogombana.

Nilimsimulia habari ya mguu wa baba yake pale pale, juu ya ndoo ya fundi. Hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha, kama vijana walivyo, akaruka upande wa pili: kesho yake angenunua diski za gari jingine azifunge mbele.

Hapo pia ilibidi nihakiki. Diski ni njema. Iko wazi, upepo huipoza, na ikitanuka huzielekea pedi badala ya kuzikimbia. Lakini si kitu cha kubandika tu. Kiatu cha dramu husaidiwa na mzunguko wa dramu yenyewe kujibana zaidi. Pedi ya diski haina msaada huo, hivyo hudai nguvu kubwa zaidi. Masta silinda iliyotengenezwa kwa dramu kwa kawaida ina vali inayobakiza shinikizo kidogo ndani ya paipu. Kwenye diski, shinikizo hilo huzizuia pedi kuachia, zikasugua safari nzima. Tena lazima mbele na nyuma kupatane. Magurudumu ya nyuma yakijifunga kabla ya yale ya mbele, gari hugeuka likatazama lilikotoka.

Na masta silinda ya gari letu ilikuwa ya njia moja: paipu moja ikipasuka, breki zote zimekwenda. Ndiyo maana watu huziba. Volkswagen za miaka ya mwisho ya 60 zilianza kufungwa ya njia mbili, ambayo upande mmoja ukifa mwingine hubaki. Kwangu mimi, kifaa hicho ndicho kilichotakiwa kununuliwa kabla ya kabureta ya pili.

Kuna jambo jingine lililonihuzunisha, na halihusu gari. Niliona kijana mdogo akipuliza vumbi la breki kwa upepo wa kompresa, wingu likamfunika uso. Viatu vya magari ya zamani vingi vilitiwa asbesto, na vumbi lake likikaa mapafuni huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kitambaa kilichoroweshwa maji kingefanya kazi ile ile, na hakina gharama. Nilimwambia fundi, naye akalipokea vizuri.

Kazi ilirudiwa. Kabureta moja iliuzwa. Silinda mpya za magurudumu zikanunuliwa, na paipu zote zikabadilishwa. Mchonga vyuma wa jirani alitengeneza vishikio vya diski za mbele kwa vipimo ambavyo ningeweza kuvionyesha darasani. Masta silinda ya njia mbili, isiyo na ile vali kwa upande wa diski, ikafungwa, mafuta mapya yakatiwa, upepo ukatolewa gurudumu kwa gurudumu. Siku ya kujaribu, katika uwanja mtupu, alianza kwa kilomita 40, kisha 60, kisha 80. Kila mara gari lilisimama limenyooka. Mara ya mwisho alizima injini, akakaa ameshika usukani kwa mikono miwili. Nadhani alikuwa akimfikiria baba yake.

Gari lina nguvu kidogo kuliko lilivyokuwa. Sijui kama litashinda, wala sikuulizwa hilo. Wahenga waliotuachia "kawia ufike" hawakuwa wakiwaza mashindano, lakini neno lililobeba uzito katika methali yao ni kufika. Yale magari 7 ya mwaka 1963 na ya mwaka 1968 tunayakumbuka kwa sababu yalifika.

Kijana bado alitaka maneno yake mawili matatu ya kuwaonyesha wadhamini. Nilimwandikia: "Nimelipanda gari hili. Linasimama."