Artikle 15: tusikilize tena wimbo wa Pépé Kallé

Hapa Bunia hata mtoto anajua Artikle 15: kama hakuna anayekulipa, jitafutie. Inasemwa ilizaliwa mwaka wa 1960 ku Kasai ya Kusini ya Albert Kalonji: wakimbizi waliomba msaada, wakaambiwa wajisaidie. (Artikle ya 15 ya kweli, katika Katiba ya 2006, inaagiza mamlaka ya nchi kumaliza jeuri ya kingono. Wangapi wameisoma?) Pépé Kallé, aliyefariki mwaka wa 1998, alitoa juu yake wimbo pamoja na Empire Bakuba: "Article 15 Beta Libanga". Maneno hayo ya mwisho ni Kilingala: piga jiwe.

Wimbo ni mzuri, hatukatai. Ukipigwa ku sherehe, hata mzee wa fimbo anasimama. Tena unamheshimu mtu anayeamka mapema kutafuta chake. Lakini sisi watu wa Ituri tunajua jiwe kuliko watu wa Kinshasa. Ku Mongbwalu mchimbaji anapiga jiwe la kweli, na hapigi peke yake: mwenzake iko juu, anashika kamba. Yule wa kamba akijitafutia yake, wa chini hatoki.

Ile kamba ndiyo tunasahau tukicheza. Bamama wa soko hawaisahau katika likelemba yao. Aliyekwisha kula zamu yake anaendelea kuleta makuta mpaka wa mwisho apate, hata siku ambayo hakuuza kitu. Hakuna askari anayemlazimisha. Ukimuuliza, atakujibu tu: "Sasa nitapita wapi hapa soko?" Kwetu sisi, kujitafutia kwa namna hiyo kuko na uzito kuliko kwa wimbo.

Na sisi walimu? Kuna mwaka mshahara ulikawia miezi mingi, tukauza pointi. Nyumbani walipouliza makuta zimetoka wapi, tulijibu kwa kucheka: Artikle 15. Zililiwa kwa wiki mbili. Kisha miaka, kijana mmoja tuliyemuuzia pointi za hesabu alitukuta njiani, amefungua kaduka. Alitusalimu kwa heshima, "Mwalimu", akatoa kikaratasi: tumsaidie kugawanya bei ya gunia la sukari kwa kilo. Tulimfanyia ile hesabu pale pale, tumesimama, bila kumtazama ku macho.