Tairi la gari kwenye pikipiki ya kigari: jinsi ya kuitambua kazi ya fundi

Pikipiki iliyofungwa kigari cha abiria ubavuni hailali kwenye kona. Dereva anakata usukani, chombo kinageuka kikiwa wima, na uzito wote unasukuma matairi upande. Dereva wa bajaji anaijua hali hiyo bila kuelezwa. Tairi la pikipiki limetengenezwa mviringo ili liweze kulazwa. Likifungwa kwenye chombo kisicholala, linakanyaga lami kwa utepe mwembamba wa katikati tu. Utepe huo unalika mpaka unakuwa kipara, na mabegani kashata bado zimesimama kama siku liliponunuliwa. Ndiyo maana Ujerumani, Uholanzi na Uingereza, wapenzi wa pikipiki za namna hii wamezoea kuzivisha matairi ya magari madogo. Nauunga mkono uamuzi huo moja kwa moja. Swali la mnunuzi wa chombo kilichokwisha kuvishwa hivyo ni kama aliyeitenda kazi alielewa kwamba tairi likibadilika, karibu kila kitu kinachoambatana nalo lazima kibadilike pia.

Kwa hiyo usianze na tairi. Anza na rimu.

Rimu ya pikipiki na rimu ya gari zinaweza kuandikwa inchi zilezile na bado zisiwe kitu kimoja. Mahali ukingo wa tairi unapokaa, na kinundu kinachouzuia usiteleze kuingia ndani, vimechongwa kwa vipimo vya viwango tofauti. Ukingo wa tairi la gari una waya za chuma zilizopimwa kwa kikalio cha rimu ya gari. Ukiulazimisha kwenye rimu ya pikipiki, mara nyingi unagoma kupanda, na hapo ndipo fundi mbaya anapoongeza upepo. Muulize alijaza kiasi gani mpaka tairi likakaa. Watengenezaji wa matairi ya magari madogo huonya kwamba ukingo usipopanda kwa psi 40, kazi isimamishwe, kwa sababu zaidi ya hapo waya zinaweza kukatika na tairi kumpasukia mtu usoni. Fundi akikwambia kwa fahari kwamba ilibidi afike psi 80, mshukuru na uondoke. Waya iliyovutwa kupita kiasi haionekani kwa nje.

Kinachoonekana ni ule mstari mwembamba unaozunguka ubavu wa tairi karibu na rimu. Zungusha gurudumu polepole na uuangalie. Umbali wake kutoka kwenye mdomo wa rimu uwe uleule duara zima, pande zote mbili. Ukizama mahali pamoja, ukingo haujakaa, na hakuna maelezo yatakayoufanya uwe umekaa.

Marekani wapo wenye Honda Gold Wing zisizo na kigari wanaofunga tairi la gari nyuma, juu ya rimu ileile ya pikipiki. Hilo siliingizi humu. Chombo kinacholala kinahitaji tairi la kulala.

Kazi nzuri huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua rimu ya gari ya inchi 15 na kuiunganisha kwa spoku na kitovu cha asili cha pikipiki. Njia hii naipenda zaidi kwa macho, lakini ndiyo inayoficha makosa mengi. Angalia matundu ya spoku: yanatakiwa yawe yametobolewa kwa mshazari kuelekea kitovu, ili kila spoku itoke imenyooka kabisa. Spoku inayopinda pale inapoingia kwenye rimu itakatika, ni suala la muda tu. Zigonge moja moja kwa spana. Zitoe mlio unaokaribiana. Na kwa kuwa rimu ya spoku iliyotobolewa hivi hupitisha hewa, ndani kuwe na mpira wa ndani unaofaa tairi la radiali, na utepe imara unaoukinga na vichwa vya spoku. Njia ya pili ni sahani ya chuma au ya aluminiamu inayounganisha rimu ya gari na kitovu. Hapo tazama uchomeleaji: mshono uwe wa unene mmoja, usio na vitundu. Kisha funga kipande cha waya kwenye mkono wa nyuma, ncha ikaribie rimu, na uzungushe. Rimu inayoyumba zaidi ya milimita moja au mbili haijamaliza kutengenezwa.

Vipimo vya tairi vina historia yake. Kipenzi cha zamani ni 125 R15, tairi la Citroën 2CV, jembamba kiasi cha kupenya pale ambapo mengine yanakwama. Likiwa na namba ya mzigo 68, linabeba kilo 315. Baadaye likaja tairi la mbele la gari dogo la Smart, 145/65 R15, ambalo kwa namba 72 linabeba kilo 355. Uingereza gurudumu dogo la Mini, la inchi 10, limetumika sana upande wa kigari. Soma pia tarehe: tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Matairi membamba hayatoki haraka madukani, na tairi lenye kashata kamili linaweza kuwa limezeeka kabla ya kugusa barabara.

Tairi la 2CV lina kipenyo cha milimita 580 hivi, na lile la 4.00-18 la BMW nyingi za zamani lina takriban 650. Gurudumu limepungua kwa karibu asilimia 11, kwa hiyo injini inazunguka zaidi kwa kila kilomita. Kwa chombo kilichoongezewa kigari, abiria na mizigo, huo ni msaada mlimani. Lakini mita ya mwendo inayoendeshwa kutoka kwenye gia itasoma zaidi ya mwendo halisi, na fundi makini anakuwa ameshairekebisha.

Kwa pikipiki za kigari za Ural jambo hili ni zito zaidi. Kiwandani magurudumu yake matatu ni ya aina moja, na la akiba linaingia popote. Ukibadilisha la nyuma peke yake, umeipoteza faida hiyo. Tena zile zenye uwezo wa kuendesha gurudumu la kigari hazina difrensha kati yake na la nyuma. Mizunguko isipolingana, mitambo inajikaza yenyewe kila unapotumia nguvu ya magurudumu mawili kwenye ardhi kavu. Mwambie mwuzaji apake chaki alama kwenye matairi yote mawili, asukume chombo mzunguko mmoja, apime. Aliyewahi kufanya hivyo atakupa jibu kabla hajainama.

Nafasi ya pembeni ipimwe chombo kikiwa kimepakiwa, watu wamekaa. Kidole kipite kati ya tairi na mkono wa nyuma mahali popote. Sehemu inayong'aa kwenye rangi ya mkono huo inamaanisha tairi limekuwa likigusa. Mkono uliochongwa kwa grainda ili tairi lipite ni sababu tosha ya kuacha, maana umepunguzwa unene mahali pasipotakiwa.

Mbele, tairi la gari linadai uma mwingine. Uma wa kawaida wa teleskopu haukuumbwa kustahimili kusukumwa upande, na usukani unakuwa mzito wa kuchosha mabega. BMW walilijua hili: modeli zao za 1955 hadi 1969 zilikuwa na uma wa Earles, na ulikuwa na matundu mawili ya kufungia mkono wake wa mbele, moja la pikipiki peke yake na jingine la pikipiki yenye kigari, ili usukani uwe mwepesi. Ukiona tairi pana la gari kwenye uma wa teleskopu usioguswa, kazi imeishia nusu.

Kisha alaimenti, ambayo kwangu ndiyo mtihani wenyewe. Gurudumu la kigari linatakiwa kuelekea ndani kidogo. Fimbo mbili zilizonyooka, moja ubavuni mwa magurudumu ya pikipiki na nyingine ubavuni mwa gurudumu la kigari, zikaribiane mbele kuliko nyuma kwa milimita 10 hadi 20. Tatizo ni kwamba tairi la nyuma sasa ni pana na la mbele huenda bado ni jembamba. Fimbo inayolala kwenye uvimbe wa tairi pana haielekei mbele sawasawa. Fundi hodari anaweka kipande cha kufidia tofauti hiyo kabla ya kupima. Na pikipiki yenyewe, ambayo kwa desturi huegemezwa nje kidogo, safari hii isimamishwe karibu na wima ikiwa na mzigo wake. Tairi mviringo linasamehe mwegemeo. Tairi bapa linakanyaga kwa bega moja.

Barabarani, usimhukumu fundi wakati unaongeza au unapunguza mwendo: ukiongeza, chombo chochote cha aina hii huvutia upande wa kigari, ukiachia kinavutia upande wa pili. Shika mwendo mmoja kwenye lami tambarare, ulegeze mikono. Kisha simama, chora mstari wa chaki kukatiza kashata, uende mita chache. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika mabegani, umepungua. Upepo ulioandikwa kwenye mlango wa gari hauhusiki hapa, kwa sababu uzito ni mwingine. Mwisho, kama mwuzaji amelitunza tairi lililotangulia, omba ulione. Kulika kwake kukiwa sawa kutoka bega hadi bega baada ya maelfu ya kilomita, unaweza kuanza kujadili bei.