Bwana Msa Anaporudi

Kitabu cha kwanza cha mfululizo kina bahati yake: msomaji anakifungua hajui lolote. Cha pili hakina bahati hiyo. Msomaji keshamzoea mpelelezi, keshaona kwamba nyuma ya mzimu hukaa binadamu, na bado mwandishi anataka moyo umwende mbio. Ndiyo maana, katika kazi zote za Muhammed Said Abdulla, mimi hukirudia zaidi Kisima cha Giningi, kilichotoka 1968, miaka minane baada ya Mzimu wa Watu wa Kale.

Mzimu ndiyo hadithi iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–58, ikachapishwa 1960. Humo Waswahili walimpata mpelelezi wao, Bwana Msa, mwenye kiko na maneno ya kupima, pamoja na sahibu yake Najum. Mwandishi mwenye pupa angeutafuta mzimu mwingine na mauaji mengine, akabadilisha majina tu. Abdulla alitafuta hofu iliyo pana zaidi.

Giningi, katika masimulizi ya Unguja na Pemba, ndiko wanakokutana wachawi usiku, na huko, husemwa, nyama inayoliwa ni ya watu. Mtoto wa visiwani hulisikia jina hilo kabla hajajua kusoma. Mwandishi basi hana haja ya kurundika giza, upepo na milio ya bundi ili kututisha. Analitia jina kwenye jalada, na msomaji anakuja na hofu yake mwenyewe kutoka nyumbani. Huo ni uchumi mkubwa wa maneno. Miaka mingi baadaye, 1990, Said Ahmed Mohamed naye aliichukua Giningi katika tamthilia yake Kivuli Kinaishi, akaifanya dola nzima chini ya Bi Kirembwe. Yeye aliupanua uchawi ili tuuone utawala. Abdulla aliusogelea uchawi akauhoji, kama anavyohojiwa shahidi.

Mbinu hiyo ina ndugu zake mbali. Inajulikana kwamba Bwana Msa ana nasaba na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, ambaye alianza kusomwa 1887. Mwaka 1924, Holmes akiwa keshazoeleka mno, Doyle alimletea kisa ambacho pwani yetu, inayojua hofu ya mumiani, ingekielewa mara moja: mama anashukiwa kumnyonya damu mwanawe mchanga. Jawabu likaja kwamba mama alikuwa akinyonya sumu kwenye jeraha ili amwokoe mtoto, na mwenye hatia ni kaka wa kambo aliyejaa wivu. Jini likiondolewa, huzuni haipungui. Inaingia ndani ya nyumba, na mtu wa nyumbani hakimbiwi kama akimbiwavyo mchawi.

Abdulla anaufikia ukweli huo kwa Kiswahili cha Unguja kilichotulia, chenye mafumbo, utani na heshima za Bwana na Bi. Najum ndiye mtambo wake. Anauliza kile ambacho sisi tungeuliza, anakosea pale tunapokosea, naye Bwana Msa anamjibu kwa swali jingine. Ushahidi tumeshaonyeshwa, lakini umepitishwa katikati ya mazungumzo ya kawaida, tukaupita. Kuficha jambo mbele ya macho ya mtu na usimdanganye ni kazi ya mkono uliokomaa.

Mkono huo ulikomazwa na maisha. Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alianza kazi katika idara ya afya, kwenye ukaguzi, na mkaguzi wa afya huingia uani, hufunua visima, huona nyumba za watu zilivyo na si zinavyosifiwa. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, akapitia magazeti mengine, na kuanzia 1958 akaliongoza jarida la Mkulima kwa miaka kumi. Mhariri hujifunza jambo moja kila siku: msomaji ana haki ya kuondoka.

Hakuondoka. Vilifuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Tazama safari ya majina hayo. Viwili vya mwanzo vinataja mahali pa kuogopwa, mzimu na kisima. Cha tatu kinatuambia wazi wa kuangaliwa ni nani: watu. Tangu hapo fumbo linahamia kwenye ndoa, nasaba na siri za koo, na mchawi hahitajiki tena.

Halafu, mwaka 1984, kikaja Kosa la Bwana Msa. Mwandishi aliyetumia karibu robo karne kuijenga sifa ya akili moja alikubali kuandika neno kosa kando ya jina lake. Mifululizo mingi, ya wapelelezi na ya majini pia, humkuza shujaa kila kitabu mpaka asiwe na la kumfika. Abdulla alijua kwamba mtu asiyeweza kukosea hana haja ya kurudi. Anayetaka kuandika kitabu cha saba aanze kwa kuvisoma hivi saba, kwa mpangilio wa miaka yake.