Kigari dhidi ya gari kubwa: video ya Smart inasema kweli, ila si yote

Mjadala wa gari ndogo na gari kubwa ukianza tu, iwe kijiweni au ofisini, lazima atokee mtu wa kuitaja ile video ya mwaka 2009. Ilitolewa na IIHS, taasisi ya Marekani ya usalama barabarani inayogharimiwa na kampuni za bima. Walichukua jozi tatu: Smart Fortwo na Mercedes C-Class, Honda Fit na Honda Accord, Toyota Yaris na Toyota Camry. Kila gari iliendeshwa kilomita 64 kwa saa, zikagonganishwa uso kwa uso kwa upande wa dereva. Smart iliruka juu, ikazunguka zaidi ya mzunguko mzima kabla ya kutulia. Benzi ilibonyea pua, lakini sehemu ya abiria ikabaki nzima. Gari zote tatu ndogo zilipewa daraja la chini kabisa.

Inatisha, hakuna ubishi. Na watazamaji wengi huishia hapo hapo: kigari ni jeneza, kusanya hela ununue gari ya juu. Mimi nimeitazama tena mara kadhaa. Naona jaribio lenyewe ni zuri na fizikia yake iko sawa, ila tunaibebesha mzigo mkubwa kuliko uwezo wake.

Tuanze na uzuri. Gari hizo tatu ndogo tayari zilikuwa na daraja la juu kabisa kwenye jaribio la kugonga kizuizi, kwa kasi ile ile ya 64. Iweje leo zifeli? Kizuizi kimesimama pale pale. Gari ikikigonga kwa 64, inapoteza 64, basi. Ni kama kugongana na pacha wake. Sasa hebu tukutanishe gari ya kilo 800 na ya kilo 1600, kila moja ikija na 64, tuseme zimenasiana. Momentamu ya ile kubwa ni mara mbili, kwa hiyo inaisukuma ndogo kinyumenyume, zote zikienda kama kilomita 21 kwa saa kuelekea ilikokuwa inakwenda kubwa. Gari kubwa imetoka 64 ikashuka 21: mabadiliko ni 43. Ndogo imetoka 64 mbele hadi 21 kinyumenyume: mabadiliko ni 85. Sehemu ile ile, sekunde ile ile, ila aliye kwenye kigari amepata kipigo mara mbili ya mwenzake. Na kinachoua ni hayo mabadiliko ya kasi ndani ya muda mfupi mno. Kasi peke yake haiui mtu, ndiyo maana unasinzia vizuri kabisa kwenye ndege.

Kwa hiyo yule muuzaji anayekwambia "hii ndogo ina nyota tano sawa na ile kubwa" anakudanganya, labda bila kujua. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, yenyewe inasema nyota za mgongano wa mbele zilinganishwe kwa gari ambazo tofauti ya uzito haizidi kilo 113 hivi.

Sasa lawama. Ya kwanza ni kwa hadithi tunayoijenga juu ya video, kwamba uzito ni ulinzi wa kila mahali. Gari iliyoacha njia ikagonga nguzo ya daraja haina wa kumsukuma. Hapo kila gari inabeba nguvu zake yenyewe, na kinachookoa ni pua inayobonyea kwa mpangilio, mkanda na eabegi. Gari zile ndefu za juu za zamani, zisizo na mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuserereka, zina tatizo lao pia: kupinduka.

Halafu njoo kwenye barabara zetu kuu, ambako anayekuja mbele yako akiovateki vibaya mara nyingi ni lori. Rudia hesabu ile ile na lori la tani 24, wote mna 64. Gari ya kilo 800 inapata mabadiliko ya karibu 124. Ya kilo 1600? 120. Yaani umelipa mafuta ya kilo 800 za ziada miaka yote hiyo kununua tofauti ya kilomita nne. Dhidi ya lori, sote tuna vigari.

Ya pili, na hii ndiyo inaniudhi zaidi: gari za kwenye video zote zilikuwa mpya. Maswali ya huku kwetu si hayo. Mtu ana hela kidogo, anachagua kati ya gari ndogo ya karibuni na gari kubwa kuukuu ambayo taa ya eabegi inawaka kwenye dashibodi tangu alipoikuta. Video haimjibu huyu. Kipindi cha televisheni cha Uingereza, Fifth Gear, kilikaribia zaidi kumjibu: kiligonganisha Renault Modus, kigari cha nyota tano, na Volvo 940 ya zamani, gari iliyoaminika kama kifaru. Volvo ndiyo iliyofunga, sehemu ya dereva ikabanwa. Na mwaka 2019 Global NCAP waligonganisha Nissan mbili: pikapu mpya ya NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika na Navara ya 2015 iliyotumika Ulaya. Dereva wa ile mpya ya kwetu angekufa, wa ile iliyotumika angetoka akitembea. Mwaka mmoja kabla, hiyo Hardbody ilikuwa imepata nyota sifuri. Pikapu, jamani, si kigari.

Ya tatu: kamera ya video iko upande wa mnunuzi. Urefu wa pua unamlinda aliye ndani bila kumuumiza mtu, lakini uzito unalinda kwa kumhamishia jirani kipigo. Mchumi Michelle White alikadiria mwaka 2004 kwamba Marekani, kila ajali ya kifo ambayo wenye magari makubwa ya juu na pikapu waliikwepa, ilizaa zaidi ya nne kwa wengine. Wengine hao ni wenye vigari, waenda kwa miguu na wenye pikipiki. Kwa takwimu za WHO, zaidi ya nusu ya wanaokufa barabarani duniani hawamo ndani ya gari kabisa.

Jaribio linaloweka kamera upande wa pili lipo sasa. Tangu 2020 Euro NCAP wanagonganisha gari na kitoroli cha kilo 1400 chenye pua inayobonyea, kila kimoja kikienda kilomita 50 kwa saa. Wakimaliza kukagua midoli ndani ya gari, wanageuka kukagua kitoroli. Gari iliyokiumiza sana inakatwa pointi.