Kaya, Kihamba na Hesabu ya Wafu

Wasomaji wetu waliopata kuketi matangani katika nchi ya Wachagga wajua jinsi lilivyo gumu swali hili fupi: Marehemu alikufa kwa ugonjwa gani? Mmoja husema homa, wa pili husema presha, na shangazi hunyamaza. Walakini jibu la swali hilo ndilo lililotafutwa kwa bidii tangu mwaka 1992, Wizara ya Afya na Chuo Kikuu cha Newcastle upon Tyne walipoanza kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima katika Dar es Salaam, Morogoro Vijijini, na Hai iliyo magharibi ya Moshi. Twaona yafaa kuipima kazi hiyo, pamoja na kitabu cha Philip Setel, A Plague of Paradoxes, kilichotoka mwaka 1999. Maana vyote viwili vyahusu nyumba za Kilimanjaro, na dawa hupelekwa mahali palipoonyeshwa na hesabu.

Njia yao ilikuwa hivi. Watu walihesabiwa nyumba kwa nyumba. Kifo kikitokea, mtumishi wa afya aliwaendea wafiwa akawauliza dalili, kisha madaktari waliisoma fomu wakakata shauri juu ya chanzo. Palipo na wengi wafiao nyumbani, mbali na hospitali, hatuoni njia iliyo bora kuliko hiyo, na matunda yake si haba. Zamani wakuu wa afya waliwaangalia zaidi watoto wachanga na mama zao. Hesabu hii ikadhihirisha ya kuwa watu wazima nao hufa kwa wingi kabla ya uzee. Na mwaka 2000 ikatangazwa kwamba kiharusi, ambacho wengi walikidhani kuwa maradhi ya matajiri wa Ulaya, kiliwaua watu wa sehemu hizo tatu kupita Uingereza, umri ukilinganishwa.

Kosa tunaloliona limo katika neno moja, nalo ni kaya. Ni neno jema, lakini likipandishwa mlimani lakutana na kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ndani yake na makaburi ya wazee. Karani auliza, Mkuu wa kaya ni nani? Mama hulitaja jina la mumewe, asiyelala pale tangu Krismasi, kwa kuwa yuko kazini Dar es Salaam. Hakusema uongo; ameulizwa jambo la kaya, akajibu la kihamba. Tena mume huyo akiugua, hurejeshwa kwake auguzwe, na hatimaye azikwe penye migomba yake. Kifo hicho ni cha wapi? Kikiandikwa mlimani tu, ugonjwa uliopatikana mjini utaonekana umezaliwa mlimani.

Hapo Setel aenda mbali kuliko fomu. Yeye aanza na ardhi. Kwa desturi mwana wa kwanza na wa mwisho ndio waliotangulizwa katika urithi, na wa katikati walijitafutia. Watu walipozidi na mashamba kupungua, vijana walishuka mijini, na Ukimwi ukaifuata njia yao. Bruno Gutmann, katika Das Recht der Dschagga ya mwaka 1926, alitupa hazina juu ya ukoo na ujirani. Lakini Sally Falk Moore alionyesha mwaka 1986 ya kwamba mambo yaitwayo mila yamegeuka mara nyingi, ingawa jina lilibaki. Twawasihi wenzetu wasimsome Gutmann peke yake.

Setel ashughulika sana na neno tamaa. Hilo twalisifu, kwani sisi tulio walimu hulitaja upesi kana kwamba ni dhambi ya mwili tu, na kumbe kijana asiye na shamba hutamani pia viatu, mahari na heshima. Serikali ikilitwaa neno hilo kwa maana yetu finyu, itamkemea kijana na kuisahau ardhi. Lakini hatukosi kumlaumu mwandishi: aeleza kwa upana kwa nini watu waliugua, naye mganga mkuu wa wilaya afungapo kitabu hajui aanzie wapi kesho.

Kwa hiyo tungependa karani aendaye kuhesabu mahali kama Shirimatunda, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Moshi, aulize mambo matatu badala ya moja: mtu huyu alilala wapi miezi mingi ya mwaka, alianza kuugua akiwa wapi, na kihamba chake ki wapi. Na ayaulize kwa mama aliyemwuguza, wala si kwa mzee wa ukoo tu. Fomu itakuwa ndefu, na karani atachelewa kurudi ofisini.