Jani Lililouawa Halipukutiki

Mashine za kuvuna pamba zilipoenea Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, majani yaligeuka kero. Mchumaji huchagua kwa mkono, mashine huzoa. Jani bichi hutia nyuzi doa la kijani na unyevu, na jani kavu husagika likawa takataka inayoshusha bei ya pamba. Kwa hiyo shamba hunyunyiziwa dawa ya kupukutisha majani kabla ya kuvuna. Wengi hudhani kuwa dawa kali zaidi ndiyo bora zaidi. Mmea wenyewe unakataa.

Jani halipukutiki kwa sababu limekufa. Pale kikonyo kinapoungana na shina pana ukanda mwembamba wa seli, na seli hizo hutoa vimeng'enya vinavyolegeza kuta zinazozishikanisha. Kazi hiyo hufanywa na seli hai. Homoni ya auksini itokayo kwenye jani huizuia, homoni ya ethilini huichochea. Dawa kali kama parakwati ikimwagwa kwa wingi, jani huungua kabla ukanda haujakatika, likabaki limening'inia, kavu, likisubiri kusagwa. Thidiazuroni, dawa ya kupukutisha majani, huuchochea mmea utoe ethilini yake wenyewe na huvuruga safari ya auksini, hivyo jani huweza kuanguka likiwa bado bichi. Ethefoni nayo huachia ethilini ndani ya mmea, na sifa yake kubwa ni kupasua vitumba.

Wapo watakaosema kwamba thidiazuroni huzembea usiku ukiwa wa baridi. Ni kweli, na ndiyo maana huchanganywa na dawa nyingine. Lakini dawa kali haiponyi ratiba mbovu. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kusubiri takriban asilimia 60 ya vitumba vipasuke. Ukiwahi, unavinyima chakula vitumba vichanga, maana majani ndiyo yanayovilisha.

Pingamizi zito zaidi ni la afya, nami nalikubali. Nchini Uzbekistan, enzi za Kisovieti, ndege zilimwaga butifosi, sumu ya neva inayoitwa tribufosi huko Marekani, juu ya mashamba ambamo watoto wa shule walipelekwa kuchuma. Ilipigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980. Kosa halikuwa kupukutisha majani. Lilikuwa kumwaga sumu ya kazi ya mashine mahali ambapo watu walichuma kwa mikono. Mashine hupita mara moja, ndiyo maana huhitaji vitumba vyote viwe tayari. Mchumaji wa mikono wa Simiyu au Shinyanga, nchini Tanzania, hurudi shambani kadiri vinavyopasuka, na jani huliacha kwenye mti.